Mji wa Kwenda kwa Miguu

Wapo wanaoamini kwamba mji ukitanuka ndio umeendelea. Mimi sikubaliani nao. Koti la baba halimfanyi mtoto kuwa mtu mzima.

Tuutazame mji wa Dodoma. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya serikali yahamie huko, na mwaka 1976 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, wakatoa ramani ya mji mpya. Ramani ile ilimtanguliza mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli na abiria wa basi. Gari la mtu binafsi lilikuja nyuma. Lilikuwa wazo la busara, na hadi leo ni la busara.

Badala yake tumefanya nini? Tumepima viwanja, na tukaisha tukapima vingine. Mji wa Serikali uliozinduliwa mwaka 2019 uko Mtumba, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Soko jipya na kituo cha mabasi ya mikoani viko Nzuguni. Chuo Kikuu kiko peke yake vilimani. Anayelipia umbali huo ni karani wa mshahara mdogo, mama mwenye tenga la nyanya, na mwanafunzi anayesukumwa mlangoni mwa daladala. Nimefundisha miaka mingi. Mtoto aliyefika shuleni amechoka hasikii somo.

Nitaambiwa kwamba Mwafrika hapendi kuishi ghorofani, anataka ua wake. Hoja hii ni dhaifu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar watu wameishi tangu zamani duka likiwa chini na familia ikilala juu, na hakuna aliyewahurumia. Nitaambiwa pia kwamba katikati ya mji hakuna nafasi. Nafasi ipo: iko juu ya nyumba za chini zilizolizunguka Soko la Majengo.

Basi wenye nyumba hizo waruhusiwe kupandisha ghorofa, peke yao au kwa ubia, wala wasifukuzwe kwa kisingizio cha maendeleo. Ofisi zinazohudumia wananchi kila siku zibaki mjini. Barabara zipewe njia pana za waendao kwa miguu, zenye miarobaini ya kivuli, kwani jua la Dodoma halina mzaha. Na kabla ya kupima kiwanja kingine kimoja huko porini, tuulize kwanza: atakayeishi hapo atanunua wapi chumvi?