Ngassa alichelewa kutoka

Ukimtaja Mrisho Ngassa kijiweni, ubishi unahamia kwenye jezi. Yanga, Azam, Simba, Yanga tena, nani alimchukua kwa nani. Mpira wake hauzungumzwi.

Jamaa alikuwa winga kweli kweli. Beki akigeuka tu, keshapitwa. Somalia wanamjua: Desemba 2012, kwenye Chalenji kule Kampala, aliwapiga matano peke yake, Kilimanjaro Stars ikashinda 7-0. Mwaka 2014 akaifunga Komorozine ya Comoro matatu nyumbani, matatu ugenini, akawa mmoja wa vinara wa mabao Ligi ya Mabingwa Afrika. Na Yanga yenyewe ilitolewa mapema na Al Ahly!

Sasa hesabu miaka. West Ham walimfanyia majaribio 2009. Julai 2011 aliingia akiwa na Seattle Sounders dhidi ya Manchester United. Timu ya nje akaja kuipata 2015, Free State Stars ya Afrika Kusini. Miaka sita! Winga anakula kwa kasi yake, na kasi haiwekwi benki.

Wapo wanaosema alibweteka na hela za usajili. Labda. Lakini kijana wa miaka 20 anayebebwa mabegani na viongozi, nani atamwambia aende akaanzie benchi ugenini? Mbwana Samatta alitimkia TP Mazembe 2011, Januari 2016 akasaini Genk. Mwaka huohuo Ngassa alikuwa Fanja, Oman.