Saa za Vijana Wetu Angani

Neno rubani tumelirithi kutoka baharini. Kabla halijapanda angani, rubani alikuwa ni yule ajuaye miamba na mikondo, aingizaye jahazi bandarini kwa salama. Wala hapana mtoto wa visiwa hivi aliyeupata ujuzi huo kwa cheti. Aliupata kwa kuchukuliwa chomboni na waliomtangulia, akafua maji ya ngama, akashika usukani mchana, kisha usiku, mpaka nahodha akathubutu kulala na kumwachia chombo.

Leo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanarudi na leseni ya urubani wa biashara, na anayewachukua chomboni haonekani. Mafunzo hayo ni ghali mno. Kwa familia nyingi ni sawa na kuuza shamba.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni hiyo hutaka saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni ya daraja la juu kabisa hutaka saa 1,500. Baina ya 200 na 1,500 pana jangwa la saa 1,300, na kijana hulivuka peke yake. Kampuni humwambia alete saa kwanza. Na saa hazipatikani pasipo kazi. Wakati huo huo cheti chake cha afya hudumu miezi 12 tu, na asiyeruka na kutua mara 3 katika siku 90 haruhusiwi kupakia abiria mpaka ajinoe upya. Anayekaa barazani, basi, hasimami pale pale. Anarudi nyuma, na kila hatua ya kurudi ina ada yake.

Mwaka 1971 nchi zetu tatu zilianzisha skuli ya urubani Soroti, Uganda. Skuli hiyo na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki vilikuwa chini ya Jumuiya moja, mpaka ilipovunjika mwaka 1977. Haturejei historia kwa kulia. Twasema tu kwamba mwenye kufundisha na mwenye kuajiri waliwahi kukaa nyumba moja.

Safari ya Unguja hadi Pemba kwa ndege ndogo ni kiasi cha nusu saa. Anayetaka kujaza saa 1,300 kwa njia hiyo pekee ataruka mara 2,600, na wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo. Sisi hatuidharau. Mwezi wa Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Baadaye sheria ya huko ikataka hata rubani msaidizi wa mashirika ya ndege awe na saa 1,500. Ilhali marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwishazipita saa hizo. Wingi wa saa peke yake si ujuzi. Kuruka mara 2,600 na kutua mara 2,600, katika kusi na kaskazi na mvua za masika, ni skuli kubwa.

Ndege nyingi ndogo zinazohudumia visiwa vyetu, kama vile Cessna Caravan, zimeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kiti cha kulia pengine hukaliwa na mtalii apendaye kupiga picha. Kanuni za kimataifa zinasema kwamba pale Serikali inapotaka ndege ya aina hiyo iwe na rubani msaidizi, msaidizi huyo ahesabiwe si zaidi ya nusu ya saa zake kwa ajili ya leseni ya juu. Lakini zinairuhusu Serikali kumhesabia saa zote, iwapo ndege ina vifaa vya marubani wawili na inaendeshwa hivyo kwa kweli. Mlango huo upo wazi kisheria.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo neno hili laihusu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Viwanja vya ndege vya hapa, hata hivyo, viko mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi. Kiti kimoja kwa kampuni ni nauli, na kampuni haifanyi sadaka. Basi kampuni itakayomweka kijana wa visiwani katika kiti hicho, na kumlipa mshahara, ipunguziwe ada za kutua Unguja na Pemba. Tumesema kumlipa. Ile biashara ya kumuuzia kijana kiti ili ajipatie saa, iliyozuka katika nchi nyingine, isikanyage hapa.

Na ninyi vijana, daftari la saa ni amana. Saa zilizorushwa kwa kalamu juu ya meza zitalipwa siku moja na abiria wasio na habari.

Twamwomba Waziri anayehusika na usafiri wa Zanzibar alieleze Baraza la Wawakilishi, katika kikao kijacho cha bajeti, ni vijana wangapi wa visiwa hivi wenye leseni hawana kazi, na ni ada gani ya viwanja inayoweza kupunguzwa kwa ajili yao.