Sauti Iliyonyamaza Nyumbani Mwetu



Katika maswali ambayo wazazi hutuuliza, hapana linalorudi mara nyingi kama hili la nyimbo na muziki. Baba mmoja hulalamika kwamba mwanawe hatoi vile visikilizio masikioni tangu asubuhi mpaka usiku. Mama mwingine huuliza kama yafaa binti zake waimbe katika arusi ya dada yao. Na kijana naye hutaka kujua kwa nini nyimbo alizozipenda bibi yake leo aambiwa kuwa ni haramu. Mwezi huu hatukukusudia kumhukumu mtu. Twataka kusimulia yaliyotupata sisi wenyewe, kwani aliyejikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Lamu. Baba alipofariki tulimwomba aje akae nasi Mombasa, naye akaja na sanduku moja, mswala wake, na kikapu cha nyuzi na sindano za kushonea kofia. Alikuwa mama mnyamavu katika mazungumzo, walakini mikono yake haikufanya kazi bila ya sauti yake. Akichagua mchele aliimba. Akishona kofia alighani tenzi. Akimpakata mtoto alimwimbia mpaka alale. Tangu utoto wetu sauti ile ilikuwa kama harufu ya udi katika nguo: huioni, bali ikikosekana utajua.

Alilelewa katika mji ambao sifa za Mtume (S.A.W.) husomwa kwa sauti na kwa matari. Kila mwaka, mwishoni mwa Mfunguo Sita, wageni hufika Lamu kutoka pwani nzima kwa ajili ya maulidi katika Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, Mngazija aliyehamia Lamu akafundisha dini mpaka mwisho wa umri wake. Wako wanavyuoni wa wakati ule waliompinga kwa kuingiza matari msikitini, na ubishi ule haujaisha mpaka leo. Lakini mama yetu hakuwa mtu wa ubishi. Yeye alisoma kama alivyosomewa na mama yake.

Basi siku moja, yapata miaka kumi na sita iliyopita, tulihudhuria darasa iliyotutikisa sana. Msemaji alisoma Aya ya 6 ya Sura Luqman, inayowataja wale wanunuao maneno ya upuuzi ili wawapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu, akaeleza ya kwamba Sahaba Ibn Masud (R.A.) aliifasiri Aya hiyo kuwa ni nyimbo. Maneno yale yalikuwa ya kweli, wala hatumlaumu aliyeyasema. Tulirudi nyumbani na azma kubwa. Usiku ule ule tulikusanya kaseti zote, tukaitoa redio sebuleni, tukawaambia watoto kwamba tangu leo nyumba hii haitasikika ndani yake ila Qur'ani.

Kesho yake alasiri tuliporudi kazini tulimkuta mama ukumbini, amempakata binti yetu mdogo, ambaye wakati huo hata kukaa hajajua, naye anamwimbia. Watoto wakubwa walikuwapo, na mke wetu alikuwapo. Tukasema mbele yao wote: "Mama, nyumba hii sasa hatuimbi. Ukipenda, msomee mtoto Qur'ani."

Hatukupaza sauti. Tulisema kwa upole, na upole ule tukauona ndio adabu. Mama alitutazama kidogo, akasema, "Vyema, mwanangu, nimesikia." Akaendelea kumpapasa mtoto mgongoni, kimya.

Aliishi nasi miaka sita baada ya siku ile, wala hatukumsikia akiimba tena. Hakununa, hakulalamika, hakumshitakia mtu. Alisali, alishona, alichagua mchele. Sisi tukadhani tumeshinda, tukawasifia wenzetu jinsi nyumba yetu ilivyotulia. Kumbe utulivu ni kitu kimoja na ukimya ni kitu kingine. Vijana wetu wakubwa walikuwa wakisikiliza nyimbo zao chini ya shuka, na nyimbo za namna ambayo laiti tungalizisikia tungalitaka wasikilize za bibi yao. Hatukuziondoa nyimbo nyumbani. Tulizoziondoa ni zile zilizokuwa zikiimbwa mbele yetu.

Mama alipofariki, tulimpeleka akazikwe kwao. Usiku wa tatu wa matanga, dada yetu mkubwa aliuliza kama yuko miongoni mwetu aliyehifadhi ule wimbo wa kulazia watoto ambao mama aliupokea kwa mama yake, uliokuwa na majina ya wazee wetu na dua ya kila mmoja wao. Tukatazamana. Dada alikumbuka mwanzo wake tu. Sisi, tuliokaa naye nyumba moja miaka sita ya mwisho, hatukukumbuka hata neno.

Na mwaka huu binti yetu yule yule, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na sita, alitusikia tukiyazungumza haya na mama yake, akauliza: "Baba, siku ile bibi alikuwa akiniimbia nini?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Pengine ilikuwa ni ule wimbo wa wazee wetu. Pengine ilikuwa ni Utenzi wa Mwana Kupona, alioutunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 katika ugonjwa wake, ili amwachie binti yake wasia wa dini na maisha. Kwani mama alikuwa akiughani mara kwa mara, na ni nani angaliweza kuuita utenzi ule upuuzi? Hatujui, kwa sababu hatukuuliza. Tulikataza kabla ya kusikiliza.

Swali la mtoto lilitutoa usingizini. Tukaifungua tena Sura Luqman, na safari hii hatukuishia Aya ya 6. Tukaendelea mpaka Aya ya 14, ambamo Mwenyezi Mungu anamuusia mwanadamu juu ya wazazi wake wawili, akimtaja mama aliyembeba kwa udhaifu juu ya udhaifu, akamwamrisha amshukuru Yeye na wazazi wake. Sura ni moja, na baina ya Aya ile na hii hapana hata mwendo wa ukurasa. Miaka yote hii tulikuwa tumeishika Aya moja kwa mikono miwili, na ya pili hatukuifikia. Tukakumbuka pia Aya ya 23 ya Sura Bani Israil, inayotukataza tusiwaambie wazazi wetu hata neno dogo la kuchukizwa. Ulimi wetu haukulitamka neno lile, lakini je, jambo tulilolitenda mbele ya wajukuu wake halikuwa zito kuliko neno?

Tulisoma pia waliyoyaandika wanavyuoni, si kwa kutafuta ruhusa, bali kwa kutaka kujua upana wa njia tuliyoifanya nyembamba. Tukaona ya kwamba wengi wao wamekataza ala za nyuzi na mazumari, na wameruhusu dufu katika arusi na sikukuu. Na kwamba Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, alizidhoofisha Hadithi zilizotolewa hoja za kukataza. Tukasoma jinsi Sayyidna Abubakar (R.A.) alivyowakemea wasichana wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwa kuwa siku ile ilikuwa ni sikukuu. Tukasoma habari za Anjasha, aliyekuwa akiwaimbia ngamia safarini na ngamia wakaenda mbio, na Mtume (S.A.W.) akamtaka aende polepole kwa ajili ya wanawake waliopandishwa juu yao, akiwafananisha na vyombo vya kioo. Ee ndugu, sisi tulikuwa na chombo cha kioo nyumbani mwetu, wala hatukwenda polepole.

Kisha tukasoma habari ya Abdalla bin Umar (R.A.), aliyesikia filimbi ya mchungaji akatia vidole masikioni, akamgeuza mnyama wake akaiacha njia ile, huku akimwuliza Nafi kama bado aisikia, akasema ya kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) akifanya vivyo hivyo. Wanaokataza hutoa hoja kwa Hadithi hii. Wengine hujibu kwamba Ibn Umar aliyaziba masikio yake mwenyewe, wala hakumwamrisha Nafi azibe yake. Na wa kwanza hujibu kwamba Nafi alikuwa bado mtoto. Kuamua baina yao si kazi ya ukurasa huu. Fatwa ina wenyewe. Lakini tulijifunza hapo adabu moja: mtu mcha Mungu huanza na masikio yake kabla ya koo za wengine.

Jambo lililotugusa zaidi tulilipata katika kitabu cha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya ametenga sehemu nzima kueleza adabu za kusikiliza. Anamtaja mtoto mchanga anyamazaye kilio kwa sauti nzuri, na ngamia anayesahau uzito wa mzigo kwa wimbo wa mchungaji wake. Kisha anaeleza ya kwamba sauti haitii moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukiamsha kilichomo. Aliye na mapenzi ya Mola wake, sauti nzuri humzidishia mapenzi hayo. Na aliye na matamanio mabaya, humchochea yayo hayo.

Tukajiuliza basi: sauti ya mama yetu siku ile iliamsha nini ndani ya moyo wetu? Na jibu, tusifiche, ni kiburi. Tulitaka waliokuwapo waone kwamba hatumwonei haya mtu katika haki, hata mama yetu. Redio tulikuwa tumeizima, lakini ndani ya kifua chetu palikuwa na ngoma ikipigwa, nayo ilikuwa ikitusifu sisi. Hiyo ndiyo kelele tuliyopaswa kuanza nayo.

Wala msitufahamu vibaya. Hatusemi kwamba kila wimbo ni mwema. Ziko nyimbo leo, zinazotoka katika simu na kuingia masikioni mwa watoto wetu, ambazo mzazi mwenye haya hawezi kuzifasiri mbele ya mwanawe. Mzazi aliyekaa kimya juu ya hizo amekosa amana. Lakini kukataza ni dawa, na dawa ina kipimo, na tabibu humwangalia mgonjwa kabla ya kumnywesha.

Kwa hiyo, enyi akina baba, tunawausia mambo mawili. La kwanza, sikilizeni kabla ya kukataza. Mwambieni kijana: "Hebu nami nisikilize, unieleze maneno yake." Akiona haya kuwasikilizisha, basi haya hiyo imekwisha mfundisha nusu ya somo, na nusu iliyobaki mtaikamilisha kwa upole. La pili, mkiondoa kitu, wekeni kingine mahali pake. Nyumba isiyosikika sauti ya Qur'ani, wala kasida, wala hadithi ya usiku, wala kicheko cha mama na wanawe, haikuwa safi; imekuwa tupu, na nyumba tupu haikosi mpangaji.

Nanyi vijana wetu, toeni visikilizio masikioni wakati wa chakula na mbele ya wazee. Mnayoyasikia humo yatakuwapo hata kesho, lakini sauti ya bibi haina uhakika wa kesho. Kaeni naye na daftari. Muulizeni ni nani aliyemfundisha, na maneno yake yana maana gani, na yaandikeni kama mlivyoyasikia, hata yale ambayo lafudhi yake ni ngeni kwenu. Na kila mnapomaliza kusikiliza lolote, jiulizeni: moyo wangu umeamka kwa nini? Kwa heri au kwa shari?

Binti yetu alikwenda Lamu wakati wa likizo, akakaa kwa shangazi yake. Alirudi na kurasa nane. Nyimbo tatu ni kamili. Ile ya majina ya wazee wetu ina mwanzo, na kipande cha kati alichokitoa jirani mmoja mkongwe, na mwisho wake haukupatikana. Baada ya kusoma Qur'ani pamoja usiku wa Ijumaa, humwomba mama yake ruhusa akamwimbia mdogo wake wa mwisho kile kipande alichokipata. Afikapo pale palipokatika hunyamaza, akaanza tena tangu mwanzo. Sisi hukaa ukumbini tukasikiliza, na kila afikapo pale twajua ni nani aliyepakata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, atusamehe ukali wetu tuliouvika nguo ya dini, na azijaze nyumba zenu sauti anazoziridhia. Amin.

Wassalaam.