Seva ya mtumba: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Biashara ya seva zilizotumika ina wateja wake, na sababu inaeleweka. Mashine iliyokuwa ya kampuni kubwa huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya kwanza, na Linux inapatikana pia bila ada ya leseni. Kwa duka la jumla au kiwanda kidogo, hesabu hiyo inavutia. Tatizo ni kwamba mnunuzi huuliza prosesa, memori na ukubwa wa diski, asiulize habari za kadi inayoziongoza diski hizo.

Kadi hiyo ndiyo inayosimama kati ya diski na mfumo endeshi. Mfumo usipokuwa na dreva yake, diski huwa kama hazimo, hata kama ni nzima na taa zake zinawaka. Fundi hufika mahali pa kuchagua diski ya kuwekea mfumo, akakuta hakuna ya kuchagua.

Chukua mfano wa Dell PowerEdge R710, iliyotoka mwaka 2009. Nyingi zina kadi ya PERC 6/i au PERC H700. Kadi hizo zilikubaliwa na Red Hat Enterprise Linux toleo la 7, na pia CentOS 7. Toleo la 8 lilipotoka Mei 2019, Red Hat ilikuwa imeiondoa PERC 6/i. Kisha tarehe 30 Juni 2024 CentOS 7 ikafikia mwisho wa kupewa marekebisho ya usalama. Mwenye seva hiyo akibaki na toleo la zamani, vitabu vyake vya biashara havina kinga. Akihamia toleo jipya bila kuuliza, diski zinaweza kupotea machoni.

Red Hat haistahili lawama kubwa. Hakuna kampuni inayoweza kujaribu kadi za zamani milele. Wala mlango haujafungwa: Debian bado inazitambua kadi hizo, na AlmaLinux katika toleo la 9.4 la mwaka 2024 ilirudisha vifaa kadhaa vilivyokuwa vimeachwa. Hii ndiyo maana kauli ya muuzaji kwamba mashine "inakubali Linux" haitoshi. Linux ipi, toleo gani, na kadi ipi?

Kwa maoni yetu, mnunuzi asilipe kabla ya mambo matatu. Kwanza, apewe jina kamili la kadi, si la seva peke yake, kwa kuwa seva za jina moja huja na kadi tofauti. Pili, mashine iwashwe mbele yake kwa flashi yenye toleo lile lile atakalotumia. Amri ya lspci -nn itaonyesha namba ya kadi. Ya PERC H700 ni 1000:0079. Lakini asiridhike hapo, maana kadi huonekana katika orodha hiyo hata isipokuwa na dreva. Ushahidi wenyewe ni amri ya lsblk kuzitaja diski. Kwa kadi hizi za PERC, muuzaji aziunganishe diski katika kundi kwanza, la sivyo hazitaonekana hata dreva ikiwepo. Tatu, proforma itaje kadi, toleo lililojaribiwa, na haki ya kurudisha mashine.

Aliye na seva tayari afanye jaribio hilo hilo kabla ya kubadili toleo, na anakili data zake kwanza mahali pengine.

Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa anajua anachokificha, au hajui anachouza. Yote mawili ni sababu ya kwenda duka la pili. Anayelikubali anastahili kulipwa zaidi kidogo, na nyongeza hiyo ni ndogo kuliko hasara ya siku moja ya ofisi isiyoweza kutoa risiti.