Likizo ya Mtu Mmoja Ufuoni mwa Mweru

Miongoni mwa mambo ambayo jamii zetu hazijawa tayari kuyasamehe, mtu kusafiri peke yake pasipo shughuli ni mojawapo. Akienda mazishini haulizwi neno. Akienda harusini huchangiwa nauli. Akienda Nchelenge huko Zambia kununua samaki wakavu, au Nakonde mpakani kutafuta bidhaa, husindikizwa kwa dua. Lakini akisema kwamba amepewa likizo yake ya mwaka, na kwamba ataitumia kwa kukaa kisiwani, bila mwenzi, bila rafiki, bila biashara, bila mgonjwa wa kumjulia hali, watu hutazamana, na kabla hajafunga mkoba wake zimekwisha kuenea habari kwamba ana deni, au ana ugomvi nyumbani, au kuna mtu anayemfuata huko. Akiwa ni mwanamke, ndiyo zaidi: mwanamume huitwa mjinga, mwanamke huitwa majina yasiyoandikika gazetini.

Mimi nashikilia kwamba tabia hii ya kumshuku msafiri wa pekee haina msingi katika dini wala katika adabu, kwani wahenga wetu waliopanda majahazi kwenda kuiona dunia hawakusubiri ukoo mzima uwe tayari. Na nashikilia vilevile kwamba vijana wetu waliokwisha kujinasua nayo wameangukia kosa jingine, nalo ni kudhani kwamba faragha ya namna hiyo haipatikani ila Ugiriki, juu ya kisiwa chenye nyumba nyeupe na makuba ya samawati, ambacho picha zake zimejaa katika simu za watu wa rika lao.

Siwalaumu kwa kuvutiwa. Kisiwa cha Santorini, ambacho Wagiriki wenyewe hukiita Thira, ni masalia ya mlima wa moto uliolipuka yapata mwaka 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ukamwaga majivu nchi kavu na baharini, kisha ukadidimia katikati, maji yakaingia pale palipokuwa na mlima, na zile nyumba tunazoziona pichani zimejengwa juu ya ukingo wa shimo hilo. Mji wa kale wa Akrotiri, uliofunikwa na majivu hayo, ulianza kufukuliwa mwaka 1967 na mwanachuoni Spyridon Marinatos, nazo zikaonekana nyumba za ghorofa, mitungi, na michoro ya ukutani ambayo rangi zake hazijafifia. Wala moto wenyewe haujazimika, kwa kuwa katikati ya ghuba kipo kisiwa cheusi cha Nea Kameni ambacho kilitema mara ya mwisho mwaka 1950. Mwaka 1956 tetemeko likaua watu zaidi ya hamsini. Na Februari 2025 ardhi ikatikisika mfululizo hata maelfu ya wakazi wakapanda meli na ndege kukimbilia bara. Anayesafiri kwenda kutazama kudura ya namna hiyo hakufanya upuuzi.

Walakini anayekwenda huko akitafuta upweke amepotea njia. Kisiwa kile chenye wakazi elfu kumi na tano na kidogo hupokea wageni mamilioni kwa mwaka. Abiria wa meli za starehe wamewekewa kikomo cha 8,000 kwa siku, na tangu mwaka 2025 hutozwa ushuru wa Euro 20 kila mtu katika miezi ya msimu mkubwa. Na huko Oia, kijiji cha kisiwa hicho, saa ya jua kuchwa, watu husimama bega kwa bega, simu juu ya vichwa, kana kwamba jua lile halitarudi kesho. Kabla ya yote hayo, mtu wa Dar es Salaam au Nairobi hulipa Euro 90 za ombi la viza, fedha ambazo hazirudi hata ombi likikataliwa. Mtanzania au Mkenya anayekwenda Zambia haombi viza kabisa.

Na huko Zambia, mpakani na Kongo, ndiko liliko ziwa ninalompendekezea msafiri huyo. Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba 5,000 na ushei, na uso wake uko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Luapula huliingia kutoka kusini, Kalungwishi kutoka mashariki, na maji yake hutokea kaskazini kwa mto Luvua, yakaungana na Lualaba, yakawa Kongo, hata yakafika Atlantiki; hivyo anayenawa uso Nchelenge ananawa kwa maji yaliyo safarini kwenda bahari ambayo sisi wa pwani ya mashariki hatuijui. Sitamdanganya msomaji kwamba hapa pana mlima wa moto. Lakini shimo lililolichukua ziwa hili ni tawi la Bonde la Ufa, na ardhi yake haijatulia, kama walivyokumbushwa watu wa Kaputa, jirani na ziwa, mnamo Februari 2017 kwa tetemeko la kipimo cha 5.9.

Upande wa kusini-magharibi wa ziwa kipo kisiwa cha Kilwa, ambacho si Kilwa Kisiwani ya masultani, wala si ule mji wa Kilwa ulioko ng'ambo, pwani ya Kongo. Kisiwa hiki ni cha Zambia ingawa kiko karibu zaidi na ufuo wa Kongo, jambo ambalo mipaka iliyochorwa Ulaya ililiamua na mvuvi asilibishie sana, kwani yeye huuza pale penye bei. Kipo pia Isokwe, kilicho kidogo zaidi. Huko ndiko ningempeleka msafiri wangu wa pekee, baada ya kulala kwanza Nchelenge au Kashikishi, miji miwili inayofuatana ufuoni hata mgeni asijue mmoja unakoma wapi.

Jambo la kwanza atakalolitambua ni kwamba upweke wa Mweru si upweke wa Santorini. Watu watano wakisafiri pamoja huchukua baraza yao wakaenda nayo; huzungumza wao kwa wao, hucheka wao kwa wao, na wenyeji huwatazama wakipita. Mtu mmoja, kwa sababu hana wa kusema naye, hulazimika kusema na watu wote, na wenyeji nao humwona kuwa ni mgeni wa kweli, mwenye haki ya kuulizwa atokako na kuonyeshwa pa kukaa. Atasalimiwa kwa Kibemba, naye akijibu na kuongeza lile neno lao la heshima, mukwai, milango itafunguka. Na akishindwa kabisa, asubiri kidogo pale gatini, kwa kuwa wafanyabiashara wavukao kutoka Kongo huja na Kiswahili chao, kile cha Katanga, ambacho mtu wa Unguja atakicheka siku ya kwanza na siku ya pili atakuwa anakitumia. Atakula ubwali wa muhogo kwa pale, samaki wa ziwa hilo anayefanana na perege wetu, au kwa chisense, vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa.

Uvuvi huo wa chisense peke yake unatosha kuwa sababu ya safari. Usiku usio na mwezi mitumbwi hutoka, kila mmoja na taa yake, zamani karabai na leo taa za betri, na ukitazama kutoka ufuoni utadhani ng'ambo pamejengwa mji ambao mchana haukuwapo. Alfajiri wanawake huwa wamekwisha kungoja na mabeseni, na mchanga wote huanikwa samaki. Akiwa amefika kati ya Desemba mosi na mwisho wa Februari hatayaona hayo, kwa maana ndiyo miezi ambayo sheria ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane.

Na mwenye kupenda tarikhi hatakosa cha kutafakari. Mapokeo ya bonde la Luapula yasimulia juu ya Nachituti, dada wa Nkuba mtawala wa Washila, ambaye baada ya ndugu yake kumwulia mwanawe alimwendea mfalme Mwata Kazembe kuomba kisasi, na Nkuba alipouawa yeye akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Makao ya Kazembe yapo hata leo Mwansabombwe, kusini ya Nchelenge, ambako sikukuu ya Mutomboko hufanywa mwishoni mwa Julai. Ni kwa Kazembe wa zama zile Livingstone alikofikia mwaka 1867, mwezi ule ule alioliona ziwa hili, akamkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa amezuiliwa hapo kwa miaka. Na ni katika mwaka huo huo Tippu Tip alipompiga Nsama wa Itawa, kaskazini-mashariki ya ziwa, akachukua pembe nyingi, habari aliyoieleza mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Si kila neno la lugha yetu lililofika ufuo huu lilifika kwa heri, na yafaa anayekwenda akisema Kiswahili akumbuke kwamba misafara ile ilichukua watu pia.

Hata Wagiriki walikuja. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita wafanyabiashara wa taifa hilo waliweka maskani Kasenga, kando ya Luapula upande wa Kongo ya Wabelgiji, wakinunua samaki, wakiwatia barafu na kuwapeleka kwa malori hadi Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi siku hizi, wakaliwe na wachimbaji wa shaba. Mali ilipatikana kweli. Lakini mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alitegewa nyavu njiani mwaka baada ya mwaka, na ilipofika miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuwa adimu. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa nawaona baadhi ya wapenda maendeleo wakitamani Mweru ifanywe Santorini ya Zambia, yenye mahoteli na meli, na mimi nasema kwamba ziwa hili limekwisha kuonja mara moja namna faida ya haraka inavyokula shina lake.

Taabu zipo, na sizifichi. Njia ni ndefu: anayetoka Dar es Salaam aweza kupanda garimoshi la TAZARA hadi Kasama, siku ambazo linatembea, kisha mabasi hadi Mansa, na kutoka hapo barabara ya bonde hadi Nchelenge. Malaria ya wilaya ya Nchelenge ni katika zilizo kali kabisa nchini Zambia, hivyo chandarua na dawa si vitu vya kusahau. Mamba wapo. Akifika kisiwani aanze kwa mkuu wa kijiji kabla ya kutafuta pa kulala, na asitarajie hoteli. Lililo zito kuliko yote ni kuvuka kwenyewe, kwani ziwa huchafuka upesi, na abiria wengi huvuka kwa maboti ya mbao yaliyosheheni magunia, watu na mabati, pasipo jaketi okozi za kutosha.

Basi ombi langu kwa wenye mamlaka wa Mkoa wa Luapula ni dogo, nalo liwatangulize wenyeji wa Kilwa na Isokwe kabla ya mgeni yeyote: kabla ya kuzungumza habari za hoteli, kiwekwe chombo cha abiria chenye siku na saa maalumu, kisichopakia kupita kiasi, na chenye jaketi okozi kwa kila nafsi iliyomo.