Kazi Iingiapo Nyumbani kwa Njia ya Kompyuta



Ziko nyumba ambazo mke au binti hufanya kazi ya ofisi akiwa kwake. Huwasha kompyuta ile ile wanayosomea watoto na kuhifadhiwa picha za harusi, akajiunga na mitambo ya mwajiri. Hilo lina heri, kwani huchuma riziki ya halali huku akiwaangalia wanawe. Lakini kiungo hicho ni mlango, na mlango hupitika pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni amana za watu. Anayeandika taarifa za wagonjwa au wateja ameshika majina yao, nambari za vitambulisho na hata maradhi yao. Surat An-Nisaa, aya ya 58, yatuamrisha kufikisha amana kwa wenyewe, na siri nayo ni amana. Wapo wanaodhani kuwa VPN, ile njia ya faragha ya kufikia ofisini, yatosha. VPN huyaficha yapitayo njiani. Haisafishi kompyuta yenyewe. Kirusi kilichoingia pamoja na mchezo alioupakua mtoto chaweza kunasa neno la siri mama anapoliandika.

Upande wa pili ni stara ya nyumba, nao hausemwi sana. Baadhi ya programu ambazo waajiri hutaka ziwekwe zaweza kupiga picha ya kioo, kuorodhesha yaliyofunguliwa, au kufuta vilivyomo kutoka mbali. VPN ya ofisi ikiwashwa, huenda hata mawasiliano yasiyo ya kazi yakapitia kwa mwajiri.

Wazee wetu wa Lamu walijenga kwa hekima: mgeni huketi dakani au hupokewa sabuleni, wala haingii ndani. Kompyuta nayo tuigawe hivyo. Kila mtu awe na akaunti yake na neno lake la siri. Ya kazi iwe peke yake, na ya watoto isiruhusiwe kuweka programu. Tusiahirishe kusasisha programu, tubadilishe neno la siri lililokuja na kifaa cha intaneti, na tufunge kioo kila tuinukapo.

Hata hivyo, programu iliyopewa mamlaka ya msimamizi yaweza kuvuka kuta hizo. Basi picha za familia zihamishwe kwingine, au mwajiri aombwe kompyuta ya kazi. Kabla ya kukubali programu yake, tumuulize kwa maandishi: itaona nini, na kwa lengo gani? Kuuliza si utovu wa adabu. Surat An-Nur, aya ya 27, yatufundisha kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila ya idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kuelezwa matumizi ya data zake.

Na siri za wateja zikivuja, tusifiche kwa hofu. Tumwarifu mwajiri papo hapo, kwani uvujaji wenye hatari kwa wenye data sheria humtaka amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na atujaalie kuwa waaminifu. Amin.