Nyumbu Hawajavamia Ploti za Kitengela

Mimi ni mpima ardhi. Nimesimika vigingi vya mipaka Kitengela, Isinya na pande za Kisaju, na wenye ploti huko wana lalamiko moja: wanyama wametuvamia. Punda milia wamekula nyasi za ng'ombe, nyumbu wameangusha ua, na nyuma yao simba yuaja. Juzi mteja mmoja, hatimiliki mkononi, aliniuliza serikali inangoja nini kuwarudisha kwao mbugani.

Kwao wapi? Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa 1946 na ina kilomita za mraba 117 tu. Ina ua pande tatu. Upande wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, uliachwa wazi, kwa kuwa wanyama hukimbilia mbugani wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hutoka kwenda nyanda za Kaputiei. Huko Kaputiei ndiko kunakojaa ploti.

Sisi wapimaji hupenda kuanza hesabu na ramani ya kwanza iliyochorwa, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Lakini kando ya barabara ya Mombasa, hatua chache kutoka viwanda vya saruji vya Athi River, upo mlima Lukenya, ambao vijana wa Nairobi huenda kupanda miamba yake wikendi. Chini ya miamba hiyo waliwahi kukaa wawindaji wa enzi za mawe. Waliochimba hapo walikuta zana za mawe na mifupa ya wanyama waliochinjwa, na mahali pamoja mifupa mingi mno ni ya mnyama wa aina moja: jamaa mdogo wa nyamera ambaye hayupo tena duniani. Alipewa jina la kisayansi mwaka 2012 tu, Damaliscus hypsodon. Meno yake yalikuwa marefu, ya kusaga nyasi kavu. Curtis Marean, aliyeichunguza mifupa ya Lukenya, anaona kwamba wawindaji hawakuwa wakibahatisha mnyama mmoja mmoja. Walijua njia ya makundi, wakayangoja na kuyaswaga.

Kwa ufupi, njia ya kuhama ilipita hapo maelfu ya miaka kabla ya kigingi changu cha kwanza.

Tazama na Rusinga. Leo ni kisiwa katika Ziwa Victoria, lakini ziwa lilipopungua zamani kilikuwa sehemu ya bara, na nyasi zilitanda kote. Hapo, mahali paitwapo Wakondo, yapata miaka 68,000 iliyopita, watu waliwaua na kuwachinja nyumbu wa ajabu kwa makumi, kwenye mkondo wa mto. Mnyama huyo, Rusingoryx, alikuwa na pua iliyovimba mithili ya kibyongo, yenye uwazi ndani. Rusinga pia imetoa mifupa ya choroa na ya punda milia wa Grevy, yule mwenye milia myembamba ambaye leo ukimtaka sharti uende Samburu, Laikipia au Marsabit. Fikiria: Grevy kando ya Ziwa Victoria! Ramani ya wanyama tunayowafundisha watoto shuleni ni ya juzi tu.

Wawindaji waliishi na wanyama hao kwa makumi ya maelfu ya miaka bila kuwamaliza. Watafiti wengi wanaona kilichowaondoa Rusingoryx na yule wa Lukenya ni mvua kuongezeka mwishoni mwa enzi ya barafu na nyanda kavu kusinyaa. Mla nyasi huishi kwa kufuata malisho. Malisho yakikatika, hana pa kwenda.

Sasa malisho tunayakata sisi, kwa seng'enge. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa Athi-Kaputiei walihesabiwa zaidi ya 20,000. Kufikia 2011 walikuwa karibu 3,000. Haikuhitaji mabadiliko ya tabianchi ya miaka elfu. Ilitosha ardhi ya jamii kugawanywa kisha kuuzwa robo ekari robo ekari.

Simlaumu Mmaasai aliyeuza ili alipe karo, wala simlaumu mwalimu aliyenunua kwa mkopo wa sacco. Mimi mwenyewe nalipwa kwa kila kigingi. Ila palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kwa kila ekari, kila mwaka, ili wasiweke ua wala kuuza, na familia nyingi ziliukubali. Mpango huo ulitegemea wahisani. Unastahili fedha za bajeti, kwa sababu Nairobi yote inafaidika na mbuga hiyo.

Kaunti ya Kajiado na serikali kuu wachore ushoroba kusini mwa Mbagathi sasa, uandikwe kwenye ramani rasmi, na mwenye ardhi iliyomo alipwe kodi yake kwa wakati. Wakinipa kazi ya kuupima, nitaanza Jumatatu.